Chaja Inayokohoa

3 Februari

Dada Waya,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha. Najua watu wenye akili zao wanapigiana simu, lakini wewe tangu tumzike baba hupokei simu yangu. Mwanzoni nilidhani una kinyongo na mimi. Halafu shangazi akanipasulia: eti ulimwambia sauti yangu imekuwa ya baba mtupu, ukiisikia miguu inakuishia nguvu. Haya. Koo sikulichagua mimi. Nitaandika.

Nakuandikia kuhusu chaja ya taa. Unaikumbuka, ile aliyoiunda baba ndani ya bati la biskuti, betri ya taa humo humo, baada ya mama kusahau taa kwenye umeme mpaka meza ikaungua kona. Alipachika mle spika ya mdoli wako, akajirekodi, ili betri ikijaa imwambie mama. Anakohoa kidogo, halafu: "Imejaa. Chomoa, bibie." Tulimcheka mpaka akatununia.

Siku hizi hacheki mtu. Bati liko kwenye soketi ya sebuleni, mama hataki lichomolewe. Betri ikishuka kidogo chaja inaanza tena, inajaza, na baba anakohoa. Baada ya mazishi alikuwa anasema mara moja asubuhi, pengine na jioni. Sasa nikikaa kwenye cherehani kupinda suruali moja namsikia mara mbili. Juzi mteja alikuja kujaribu gauni, baba akasema chomoa, yule mama wa watu akakamata zipu yake kwa mikono miwili.

Mama anasema baba anasogea. Anasema mwanzoni alikuwa anaita kutoka mbali, sasa amefika uani. Na mimi, dada, nisikufiche, mwili unanisisimka, kwa sababu ni kweli anasema zaidi na zaidi na hakuna aliyegusa kitu mle ndani. Wewe ndiye unayebuni saketi za chaja huko kiwandani. Niambie hiki ni nini.

Mdogo wako,
Sindano


10 Februari

Sindano mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi hana kifua. Lakini hakusema uongo, na dawa yake kwa sasa sina. Nivumilie.

Sasa nisome polepole. Baba hasogei. Betri inakufa.

Betri ya lithiamu inajazwa kwa adabu. Kwanza unaisukumia umeme kwa kiwango kimoja. Ikifika volti nne na pointi mbili unashikilia hapo hapo, umeme unaoingia unapungua wenyewe kadiri inavyoshiba, na ukibaki kidogo sana unakata. Unakata kabisa. Haifanani na betri za magari alizozoea baba, ambazo unaweza kuziachia chaja ikazidondoshea umeme kidogo kidogo. Hii ikishiba ukaendelea kuilisha inaharibika ndani kwa ndani, inatengeneza gesi yenye harufu tamu, inavimba, na ikichoka inawaka moto ambao ndoo moja ya maji haiuzimi.

Baba alilijua hilo, chaja yake inakata. Ila aliipanga ianze tena betri ikishuka kidogo tu. Hilo pengo kati ya kukata na kuanza tena ndilo linalomfanya aseme. Betri nzima inakaa siku nyingi bila kulifikia. Betri mbovu haishikilii chochote: inajaa, inashuka, inajaa, na kila mara mzee anakohoa. Akisema mara nyingi zaidi, ujue betri imezidi kuoza. Kinachosogea ni hatari.

Na kuna jingine. Mle ndani hamna kihisi joto. Nilikuwepo siku aliyokikosa dukani, akaweka kipande kingine mahali pake, kinachoiambia saketi kwamba hali ni ya kawaida siku zote. Nyumba inaweza kuwaka, saketi ile itaendelea kuamini kuna ubaridi.

Kwa hiyo chomoa leo. Fungua bati, toa betri. Kama imevimba usiitoboe wala usiibonyeze. Izike kwenye ndoo ya mchanga, nje, mbali na ukuta. Mrekodie mama ile sauti kwenye simu ili asiikose. Halafu niambie mama analala wapi siku hizi, chumbani au hapo sebuleni karibu na hilo bati.

Dada yako,
Waya


18 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimechomoa kama ulivyoagiza. Mama alilia kidogo akanyamaza. Nilimrekodia kwenye simu, akasikiliza mara moja akanirudishia, akasema hiyo ni picha tu. Nadhani naelewa alichomaanisha. Kwenye simu unambonyeza ndiyo aseme. Kwenye bati alikuwa anasema akitaka mwenyewe.

Betri imevimba kidogo, si ya kutisha. Usikose usingizi kwa ajili yetu.

Nimepata oda ya sare za shule, dada, nguo zimejaa mpaka kitandani. Marobota yako sebuleni, mama anapita upande upande. Leo nimeharibu kitambaa kizuri kwa upumbavu: alikohoa nikiwa katikati ya mkasi, mkono ukateleza. Itabidi nikifanye mfuko.

Mama anakusalimu. Ni mzima.

Sindano


23 Februari

Sindano,

Umeandika kwamba umechomoa. Kisha ukaandika kwamba amekohoa ukiwa katikati ya mkasi. Nani aliyekohoa?

Nitakuambia ninachokifanya kila wiki hapa kazini, sijawahi kukusimulia. Tunaziunguza betri kwa makusudi, nyuma ya kioo kinene, ili tujue saketi zetu zinaweza kuzuia nini. Kwanza betri inavimba kama mtu aliyebana pumzi. Halafu inafoka, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Moshi mweupe. Baada ya hapo hakuna muda wa kuita jina la mtu. Jana nilitazama moja nikaona marobota ya sare, na mama anapita upande upande. Nilitoka nje nikaacha wenzangu wamalizie.

Usimbembeleze mama tena. Mnyang'anye hilo bati hata akikulaani. Mwambie ni mimi niliyesema, anichukie mimi niliye mbali. Mama akichoma nyumba kwa kumpenda mtu aliyekwisha kufa, nitazika wawili zaidi, na mimi nitabaki na nani?

Waya


2 Machi

Waya mwanangu,

Barua yako imefika Sindano akiwa ameenda kununua nyuzi, nikaifungua. Usiniambie si adabu. Nepi zenu wote wawili nimezifua mimi.

Si mimi ninayechomeka. Niliichomoa ile chaja siku chache tu baada ya kumzika baba yako. Niliichomoa kwa sababu yeye mwenyewe ameniambia niichomoe. Nikatoka, niliporudi nikaikuta imechomekwa. Nikachomoa. Nikaingia jikoni, nikatoka, imechomekwa. Ndugu yako akaniangalia usoni akasema, "Mama, hata sijainuka hapa." Basi nikaanza kutandika upande wa baba yako kitandani. Unadhani niliposema anasogea nilikuwa natania? Nilikuwa nasikiliza mlango.

Wiki iliyopita nilitoka bafuni mapema, sabuni ilikuwa imekwisha. Nikamkuta Sindano amepiga magoti kwenye soketi, sikio amelibandika kwenye bati kama anayesubiri kuambiwa siri, na machozi yanamtoka bila sauti. Mtu mzima yule, na ndevu zake. Nilirudi bafuni nikajimwagia maji tena, bila sabuni. Sikumsema. Sikujua kama kuna moto ndani ya bati mpaka nilipokusoma wewe.

Leo nimeichukua. Betri ni kweli imevimba, kifuniko cha bati kilikuwa hakifungi, amekifunga kwa utepe wa kupimia. Nimeizika kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya nyumba. Bati lenyewe, na sauti yake, nimempa dereva wa lori la vitambaa akuletee hapo getini kwenu. Likibaki hapa ataliwekea betri nyingine, namjua mwanangu.

Litunze. Na usimgombeze sana.

Mama yenu


9 Machi

Dada,

Haya, mmenikamata. Mmeandikiana, mmeamua, mmebeba. Mimi nilikuwa nanunua nyuzi.

Ni kweli nilikuwa namwongopea mama. Uso ulinishuka alipoanza kutandika kile kitanda, nikasema kesho naacha, na kesho yake nikachomeka tena. Lakini niulize basi kwa nini. Wewe uko huko na mashine zako. Hapa mimi nikifungua mdomo kusema karibu, wateja wanageuka kutazama nyuma yao. Mama nikimwita kutoka jikoni anaacha alichoshika. Sijui dada kama unaweza kuelewa, kuzunguka na koo la marehemu. Bati likisema, angalau ilikuwa ni yeye anayesema, mimi napumzika. Sasa kimya. Mama hasemi, na mimi naogopa kusema.

Wewe unabuni chaja salama, watu wanakulipa kwa kazi hiyo. Basi mtengenezee baba moja. Weka betri mpya, weka hicho kihisi joto, weka kila kitu kinachotakiwa, urudishe bati. Sitaki kingine kutoka kwako. Niambie lini.

Sindano


16 Machi

Sindano mdogo wangu,

Bati limefika, dereva alilifunga ndani ya koti lake. Nimelifungua mezani kwangu mchana wenzangu wakiwa wameenda kula. Lehemu zake zinang'aa mpaka leo, kila kiungo kama tone la maji. Alivyokuwa anatupigia kelele kuhusu lehemu!

Nisamehe kwa ukali wangu. Ile habari ya koo imenikaa kifuani, maana mimi ndiye wa kwanza kukukimbia.

Nitakutengenezea. Kihisi joto cha kweli, kimebandikwa kwenye betri yenyewe. Saa ya ulinzi, inayokata umeme kama kujaza kumechukua muda kuliko kawaida. Na pengo nitalipanua, ili isianze tena kwa kushuka kidogo. Ujue kwamba kwa mpango huo atasema mara moja betri ikijaa, halafu kimya siku nyingi mpaka taa itumike. Ndivyo inavyotakiwa. Mkubaliane na hilo wewe na mama.

Nilipoiunganisha kujaribu, alikohoa. Nilikuwa nimejiandaa kuanguka, sikuanguka. Ajabu, sauti yake mwenyewe haikunifanya kitu. Nilikaa tu, nikasikiliza mpaka wenzangu waliporudi.

Mwanzoni mwa Aprili itakuwa mkononi mwako.

Waya


14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwanzo wa Aprili umepita, ukanipungia mkono dirishani. Sare zote nimeshazitoa, mezani hakuna kitu, kwa hiyo nasikiliza kimya kutwa nzima.

Sikulaumu. Nauliza tu: imekwama wapi?

Mama ameacha kutandika ule upande wa pili. Jana alinicheka nilipojichoma kidole. Ni mara ya kwanza.

Sindano


22 Aprili

Sindano,

Usinisukume. Bado naipima. Kitu cha kukaa na mama nyumbani hakipimwi kwa pupa.

Kupima kunataka mizunguko mingi, kujaza na kushuka, kujaza na kushuka, na betri mpya inachelewa mno. Unaweza kukaa siku nzima baba asiseme. Kwa hiyo nimelipunguza pengo, kwa majaribio tu, na nimeweka mzigo mdogo unaoinyonya betri ili ishuke haraka. Sasa mizunguko inakwenda vizuri. Saa ya ulinzi nimeizima kwa muda, ilikuwa inakata kabla hajafika kwenye "bibie". Kihisi joto nacho nimekitoa, kilikuwa kinalalamika bila sababu, nimeweka mahali pake kipande kama kile cha baba. Ni kwa majaribio.

Wenzangu wamehamishia meza zao dirishani. Wanasema mzee wangu anaongea sana. Mmoja anasema kwenye meza yangu kuna harufu tamu, kama rangi ya kucha. Hana pua yule. Kuna chaja mpya ya kampuni inasubiri saini yangu ili ianze kutengenezwa, na mkuu wetu ameanza kunipitia pitia. Itasubiri.

Nakuja mapema asubuhi kabla ya watu. Ofisi inakuwa tulivu, nalaza kichwa mezani karibu na bati, linakuwa na uvuguvugu. Unakumbuka shati lake akitoka juani?

Nikimaliza nitaleta. Msinihesabie siku.

Waya


29 Aprili

Waya mwanangu,

Sindano amenisomea barua yako. Alipofika kwenye harufu alisimama. Akarudi juu, akaisoma tena yote kimoyomoyo. Kisha akatoa ile barua ya kwanza uliyomwandikia Februari, akaniwekea zote mbili mapajani. Alitaka kukupigia simu saa ile ile. Akakumbuka. Akaiweka simu chini, akaniambia, "Mama, nikimpigia mimi ndiyo nitamzidishia. Andika wewe." Barua hii anakuletea dereva yuleyule wa lori, na nimemwambia asiondoke getini mpaka akuone uso kwa uso.

Mimi kazi yenu siijui. Ninachojua ni kwamba ulituambia betri nzuri hunyamaza, na yako hainyamazi.

Nikuambie baba yako alivyojirekodi. Alikaa kitandani kwetu, bati juu ya magoti. Alipokohoa nikamwambia rudia, umeharibu. Akasema, "Acha. Ukisikia kikohozi utajua ni mimi, hutasema ni redio." Nilicheka nikamtupia mto. Maneno yale ni yangu, Waya. Bibie ni mimi. Hakumwachia mwingine. Na mimi, msahaulifu wake, ndiye pekee niliyefanya alichosema. Ninyi mnasikia sauti, hamsikii anachowaambia. Sindano aliambiwa achomoe kutwa mara ngapi, na alikuwa anachomeka. Wewe unaambiwa hapo kichwani kabisa, umelaza shavu.

Nimemzika mume. Sina nguvu ya kumzika mtoto, nakwambia waziwazi, sina.

Na sauti unayoitafuta humo ndani ipo hapa nyumbani. Iko kwa ndugu yako. Inakula, inapata mafua, inabishana nami kuhusu vifungo. Hiyo inaweza kukuambia kitu kipya. Ile ya kwenye bati imeshakuambia yote.

Imejaa, mwanangu. Chomoa.

Mama yako


2 Mei

Sindano mdogo wangu,

Dereva alinikuta mezani, getini walimruhusu kwa jinsi alivyong'ang'ania. Nilisoma barua ya mama nikiwa nimesimama, bati linakohoa pembeni. Nikachomoa.

Halafu nikaigusa betri. Ilikuwa ya moto, sikuweza kukiacha kidole hapo. Yule niliyesema hana pua alikuja na koleo, tukaitoa mbio mpaka kwenye pipa la mchanga uani, na kabla hatujafunika ikaanza kufoka. Ule moshi mweupe niliokusimulia. Tulisimama pale mpaka ulipokwisha, nikalia. Nilikuwa nalaza kichwa hapo kila asubuhi, Sindano. Na mimi ndiye ninayewazuilia watu moto.

Bati la baba ni zima. Nitakuja nalo mwisho wa mwezi, bila betri, mama aamue pa kuliweka. Naona akiweka vifungo vyako humo nitafurahi.

Jumamosi hii mchana nitakuwa chumbani, nimekaa, mgongo ukutani. Nipigie. Anza na lolote, suruali, wateja, mama alivyokucheka. Na koo likikuwasha katikati, kohoa tu. Sitakata.

Dada yako,
Waya